Mama Aliendesha Vizuri Mno

Tarehe 6 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na kwamba Redio, kondakta wako, bado anakuchekesha njia nzima. Mimi ni mzima. Usingizi ndio haba, lakini kabla hujaanza kunigombeza, nakula vizuri.

Barua hii nimempa dereva wa basi la masafa marefu, yule mwenzako asiyevua kofia, pamoja na kifurushi. Najua umekifungua kabla ya kusoma, kwa hiyo umeshakiona: kisanduku cheusi chenye nyaya. Si bomu. Mwambie Redio hivyo, maana nina hakika keshatangaza kituo kizima kwamba ni bomu.

Sasa nikueleze. Hapa kazini tumepewa kutengeneza mfumo wa nguvu wa basi la umeme: mota, gia, betri, na ile mashine ya katikati inayoamua umeme kiasi gani uende magurudumuni. Bodi na viti ni shughuli ya wengine, sisi kazi yetu ni kulifanya litembee. Na mabasi ya kwanza yanakuja mjini kwetu, kwenye njia yako, kutoka stendi mpaka juu hospitalini. Nilipoliona hilo kwenye makaratasi ilibidi nitoke nje kidogo nipate hewa.

Mota haichaguliwi kwa kukisia. Ukiweka kubwa kupita kiasi, unabeba chuma cha bure na betri inaisha mapema. Ukiweka ndogo, inachemka. Ili kupata ya kati lazima tujue njia yenyewe inamdai nini dereva. Kisanduku hiki kinaandika kila kitu: mguu kwenye mafuta, mguu kwenye breki, uzito wa abiria, mwinuko wa barabara. Fundi wenu wa umeme atakifunga chini ya dashibodi. Wewe endesha kama kawaida kwa wiki moja, halafu kirudishe kwa njia hii hii.

Mkuu wetu aliuliza ni dereva gani atakayepima. Nikamjibu kuna mmoja namwamini. Sikumwambia kwamba alinizaa.

Unastaafu mwisho wa Novemba, na mabasi yanatakiwa yafike Oktoba. Nataka mtu wa kwanza kushika usukani wa basi nililolihangaikia awe wewe. Basi, nimesema, sasa siwezi kulala tena.

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linalalamika ila nimeacha kulisikiliza. Nyumbani shwari, bati la jikoni nimelibadilisha, na jirani amenunua jogoo ambaye hajui saa.

Redio kweli alisema ni bomu. Nilipomweleza, akabadilisha akasema ni kamera, na siku ya pili akaja na shati jipya na marashi. Wiki nzima amewaita abiria "mheshimiwa". Mama mmoja akamuuliza kama anagombea uongozi.

Kisanduku chako hiki hapa, na wiki yetu imo ndani. Nakuambia imekwenda salama kabisa. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyejikwaa, hata breki hazikulia. Hao wakubwa zako wakiangalia wataona kwamba huku nako kuna watu wanaojua kazi.

Kuhusu hilo la Oktoba, nimelisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikakaa. Unajua nilipoingia karakana hii wanaume walitoka ofisini kuja kuniangalia nikirudi nyuma, wakisubiri nigonge ukuta. Sikuugonga. Miaka yote hiyo sijawahi kupewa gari jipya, kila mara napewa lile ambalo mtu mwingine kalichosha. Na wewe ulikulia humo humo, nikikuweka juu ya kifuniko cha injini pembeni yangu, joto likikulaza. Wauguzi walikuwa wanauliza kama mtoto naye analipa nauli.

Kwa hiyo nitasubiri. Nikistaafu nikiwa nimeendesha basi la mwanangu, hata siku moja tu, sina ninachodai duniani. Usilale njaa.

Mama yako


Tarehe 2 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Pole kwa ukimya. Sijaugua, sijaolewa, nilikuwa kazini.

Nina habari njema mpaka naogopa kuziandika. Zile namba zako zimetufungulia mlango ambao hatukuutegemea. Tulidhani njia yenye kilima namna hiyo itadai mota kubwa na betri nzito kama kabati la nguo. Tulipoingiza safari zako kwenye kompyuta ikawa sivyo. Unapanda taratibu, unafunga breki mapema na kwa ulaini, na breki laini kwetu ni mali, kwa sababu mota hugeuka ikawa jenereta na kurudisha umeme betrini. Tukajaribu mota ndogo zaidi. Ikaweza. Tukapunguza gia, ikaweza. Tukapunguza betri. Kila tulipopunguza, basi likawa jepesi, na kwa kuwa ni jepesi likahitaji nguvu pungufu kuliko mwanzo. Nilikuwa naona namba zinashuka zenyewe, nikawa nacheka peke yangu mbele ya skrini.

Mkuu amenipa niongoze kazi nzima. Juzi mbele ya watu wote alisema mchoro wangu ndio mwepesi kuliko yote aliyowahi kuiona kwa basi la ukubwa ule. Nilivimba kichwa, nisikudanganye. Jioni nilijinunulia viatu.

Mota ya kwanza inasukwa sasa hivi. Oktoba iko palepale. Mwambie meneja wako aanze kutafuta mahali pa kuchomeka nyaya, na wewe uanze kufikiria utavaa nini.

Mwanao anayekukumbuka


Tarehe 18 Juni

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimeisoma kwa sauti stendi. Meneja ameisikia, mafundi wameisikia, na kwa kuwa Redio alikuwepo, sasa hivi hata maiti waliopo hospitali wameisikia. Mimi nilijifanya sijali. Halafu nikaenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikapakia abiria.

Sasa kila ninakopita naulizwa basi la umeme lini. Nasema Oktoba. Wengine wanasema halitapanda kilima kile, umeme ni wa kuchemshia maji. Nawaambia subirini.

Hili basi zee nililo nalo linamaliza siku zake kwa kishindo. Juzi lori lilikwama darajani, tukachelewa sana, na zamu ya wauguzi ikawa inatungoja. Walipanda mpaka mlango haufungi, Redio ananing'inia nje kama nguo kambani. Pale chini ya kilima nikashuka gia ya pili, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, nikalishikilia hivyo hivyo hadi getini hospitalini. Moshi ulifunika mtaa. Muuguzi mmoja mgeni aliyekaa mbele akaniambia, "Mama, wewe ni rubani." Nikamwambia, "Mwanangu, kila asubuhi ndiyo hivi, ila leo umekaa mbele ndiyo maana umeona."

Nguo nimeshaipata. Ni ile ya kijani, naipeleka kwa fundi anipunguzie kiunoni. Kula.

Mama yako


Tarehe 26 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na goti?

Naandika haraka maana dereva anangoja. Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Unasema kila asubuhi unapanda kilima mguu wote chini na gari limejaa mpaka mlangoni. Nimefungua tena namba za kisanduku. Wiki nzima, asubuhi na jioni, mguu wako haukuwahi kupita nusu, na gari halikujaa hata siku moja. Hata viti havikujaa, Mama.

Nijibu kwa ukweli, sitakasirika. Wiki ile uliendeshaje?

Mwanao


Tarehe 4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti zima, nyumba nzima. Swali lako ndilo limenishangaza.

Niliendesha vizuri. Ulitaka niendesheje? Mgeni akikwambia anakuja, hufagii? Mwanangu ananiletea chombo cha kuandika kila ninachokanyaga, kinakwenda kusomwa na mkuu wake na watu wenye shahada zao ukutani, na wewe ndiye uliyesema huyo dereva namwamini. Niwape nini, vumbi la kila siku? Waone dereva wako anakanyaga kama anafukuzwa, anafunga breki mpaka watu wanaangukiana, anajaza kama gunia? Nilimwambia Redio viti vikijaa nusu inatosha, wengine wangoje gari la nyuma. Walitutukana, tukavumilia. Sikusimama pasipo kituo. Kilima nilikipanda kama siku ya mtihani wa leseni, yule mkaguzi amekaa pembeni na kalamu yake. Nilichelewa kila safari, na meneja aliniita ofisini mara mbili. Sikukwambia, nilijua ni kwa faida yako.

Sasa naona kutoka kwenye maandishi yako kwamba nimeharibu kitu. Kama ni hivyo, sikiliza. Mota ni ndogo, sawa. Mimi nitaliendesha polepole, kama wiki ile. Nimeweza wiki moja, nitaweza hiyo Oktoba na Novemba. Hakuna atakayejua, na wewe utakuwa na nafasi ya kurekebisha mengine taratibu. Usiende kujitia kitanzi kwa mkuu wako kwa sababu ya mguu wa mama yako.

Nguo imetoka kwa fundi. Imenikaa.

Mama yako


Tarehe 29 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nikizunguka nitaishia kutosema, kwa hiyo naanza nalo: mabasi hayatafika Oktoba.

Baada ya barua yako niliwaomba wenzangu tuifunge mota kwenye benchi la majaribio. Tukaibebesha mzigo wa basi lililojaa, mwinuko wa kilima cha hospitali, na mguu uliokanyaga mpaka chini. Ilipanda vizuri hadi katikati. Halafu joto likapita kiwango, na mashine ikafanya kile tulichoifundisha, ikajipunguzia nguvu isiungue. Mwendo ukashuka mpaka ukawa wa mtu anayetembea, halafu wa mtu aliyechoka. Nilikuwa nimesimama pale nikiona abiria wako ndani yake, na gari la wagonjwa nyuma yao linapiga king'ora.

Uliniambia utaliendesha polepole na hakuna atakayejua. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, na nilitaka sana kulikubali. Ninajua kwako lingefanya kazi, kwa sababu ni wewe. Lakini Desemba mtu mwingine angekaa kwenye kiti kile, asubuhi, wauguzi wamejaa mpaka mlangoni, naye hajui lolote.

Nikamwendea Mkuu. Alisikiliza, akauliza dereva ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Hakufoka, na ningependa angefoka. Kazi sijafukuzwa, ila anayeongoza sasa ni mwenzangu mwingine, na mimi nimerudishwa kwenye hesabu. Tunaanza upya mota na gia.

Usibebe lawama hii. Mimi ndiye niliyelala juu ya kifuniko cha injini yako, najua unavyoendesha. Nilipoona namba laini kiasi kile nilipaswa kucheka na kukuuliza ulikuwa umelewa au vipi. Sikuuliza kwa sababu zilikuwa namba tamu na watu walikuwa wananisifu.

Nakituma kisanduku tena. Ukiona vigumu kukifunga, mpe dereva mwingine. Tunahitaji wiki moja ya kweli, yenye kila kitu. Najua ninakuomba nini, na najua nimekunyang'anya nini. Nisamehe, Mama. Nilikitaka kile kiti kwa ajili yako kuliko hata wewe ulivyokitaka.

Mwanao


Tarehe 10 Septemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini kimya hiki ni cha hasira na si cha ugonjwa. Hasira nitaivumilia.

Nilimuuliza yule dereva wa kofia. Akasema u mzima, unaendesha, unamsalimu kila mtu isipokuwa anayelitaja jina langu. Fundi wenu naye amenitumia ujumbe kwamba kisanduku umekifungia kabatini mwako na ufunguo unatembea nao.

Hapa tunaendelea na betri huku tukingoja. Mkuu anasema kama hakijarudi ifikapo Desemba watapima njia nyingine, tambarare, na mabasi yatakwenda mji mwingine. Sikwambii hivi kukutisha. Nakwambia ili usije ukaniuliza mbona sikukwambia.

Goti vipi?

Mwanao


Tarehe 24 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Sina jipya. Nimeandika tu kwa sababu ni Oktoba.

Mwanao


Tarehe 1 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, zote kwa pamoja. Goti ni lile lile.

Nilinuna. Unanijua, mama yako akinuna hanuni kwa kijiko. Ile nguo ya kijani niliitia sandukuni nikasema sitaivaa hata kwenye maziko yangu. Watu waliniuliza basi la umeme lini, nikawajibu waniulize hali yangu kwanza. Nilikuwa nakasirika kwamba ulikuwa na haki. Ungekuwa umekosea, ningekusamehe mapema.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilifungua kabati nikamwambia fundi akifunge. Redio akauliza tuwapunguze abiria tena? Nikamwambia wapakie, safari hii sifagii. Tumebanana. Nimekanyaga mpaka chini, nimefunga breki, nimesimama ninaposimamaga. Nimemtukana mtu wa pikipiki kwenye mzunguko, bahati yako kisanduku hakina masikio.

Jana nilifika stendi safari ya mwisho, nikazima injini, nikabaki nimekaa. Redio alikaa kwenye ngazi za mlango mpaka niliposhuka. Leseni yake ya basi ilitoka mwezi uliopita, kiti kile sasa ni chake. Nilimkabidhi ufunguo nikatembea kwenda nyumbani kwa miguu, goti na ubishi wake.

Kisanduku hiki hapa. Hii ndiyo mimi, yote. Bado nimekukasirikia kidogo, na nakupenda sana.

Mama yako


Tarehe 15 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako hadi karatasi imelegea. Sasa unalala mpaka saa ngapi? Naomba jibu ni "mpaka jogoo wa jirani atakapojifunza".

Nimekaa na wiki yako ya mwisho mwezi mzima. Kwa wenzangu ni mistari kwenye grafu, inapanda inashuka. Mimi nilikuwa nakuona. Najua ulikochelewa na ulikofidia. Kabla ya mzunguko unaachia mafuta mapema sana, gari linakwenda lenyewe, halafu unafunga breki ghafla. Nadhani hapo ndipo alipo mtu wa pikipiki. Mbele ya shule unapunguza hata Jumapili, hakuna mtoto hata mmoja, mguu tu umezoea. Ijumaa, safari ya mwisho, ulikipanda kilima polepole kuliko siku zote. Mwenzangu anayeongoza akasema namba hiyo imekosewa, tuitoe. Nikamwambia haijakosewa, anaaga. Akaiacha.

Kuna jambo moja limetushinda kulielewa. Katikati ya kilima, pasipo kituo, asubuhi tatu za wiki ile, ulisimama. Gari limejaa, mteremko wote uko nyuma yako, unasimama, kisha unaondoka tena. Katika ile wiki uliyofagia hakuna kitu kama hicho. Hakuna dai kubwa zaidi ya hilo kwa mota, Mama. Kupanda ukiwa umeshashika mwendo ni jambo moja. Kuondoka kutoka sifuri, mzigo wote ukikuvuta nyuma, ni jambo jingine kabisa. Mwenzangu alitaka tulipuuze, kwa kuwa si kituo halali. Mkuu akaniuliza mimi. Nikasema kama dereva yule anasimama pale, ana sababu, na Redio aliyekaa nyuma yake miaka yote atasimama pia. Akakubali.

Kwa hiyo ukubwa wa mota umeamuliwa na pale. Tumeongeza nyaya za shaba ndani ya mota, tumebadilisha gia ya kwanza, tumeongeza maji ya kupoza. Basi limekuwa zito, na hakuna tena anayesema mchoro wetu ni mwepesi kuliko yote. Ila limepanda benchini, likasimama, likaondoka, likapanda tena, mpaka tukachoka sisi.

Niambie, pale unasimama kwa nini?

Mwanao


Tarehe 9 Agosti

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Jogoo aliliwa, na sikuhusika. Nalala mpaka jua linaingia dirishani, halafu najilaumu.

Yamefika. Jumatatu waliyaleta mawili, meupe, hayana hata mkwaruzo. Karakana nzima ilitoka nje. Meneja aliniita, nikaenda, na nguo ya kijani nilivaa, usiniulize. Akanifungulia mlango wa dereva akasema, "Mama, zunguka nalo uwanja, ni haki yako." Nikapanda, nikakaa. Kiti kinanifaa. Nikarekebisha kioo. Kisha nikashuka nikamwambia ahsante, kuzunguka uwanjani bila abiria si kuendesha, na leseni yangu ya abiria imekwisha. Wakadhani nina maringo. Ukweli ni kwamba ningeliwasha nisingeweza kushuka.

Leo asubuhi nimekwenda stendi kama mtu yeyote, nikalipa nauli, nikakaa nyuma ya dereva. Dereva ni Redio. Amevaa lile shati lake. Hasemi, anakaza shingo, mikono yote miwili kwenye usukani kama ameambiwa usukani utaruka. Likaondoka na mimi sikujua kama limeondoka, niliona tu nguzo zinarudi nyuma. Wauguzi wakajaa mpaka mlangoni.

Uliniuliza nasimama pale kwa nini. Kuna mama mmoja anaishi pale katikati ya kilima, mlango wa bluu. Anakwenda hospitali kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, na kuteremka mpaka kituoni hawezi tena. Kile kituo cha juu nacho ni mbali. Hatukupanga chochote, siku moja nilimwona amekaa kwenye jiwe akihema, nikasimama, basi ikawa hivyo. Ile wiki niliyofagia nilimpita. Alipunga mkono nikamwona kwenye kioo. Nilijiambia ni kwa ajili yako, na sikulala vizuri. Nilishindwa kuliandika mpaka leo.

Basi Redio akaanza kupanda. Pale chini nilikuwa nakanyaga sakafu kwa mguu wangu, abiria wa pembeni akaniangalia. Likapanda, mwanangu, bila kelele, bila moshi. Katikati pale nikamwona yule mama amesimama mlangoni kwake, amekonda zaidi. Nikaangalia mguu wa Redio. Akasimama. Kiti changu nikampa. Mlango ukafungwa, gari limejaa, mteremko wote uko nyuma yetu, nikashika nguzo kwa nguvu maana lile la zamani lilikuwa lazima lirudi nyuma kidogo kabla ya kushika, na watu walikuwa wanaguna.

Halikurudi nyuma hata kidogo. Liliondoka tu. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye simu yake. Redio peke yake aliniangalia kwenye kioo, na mimi nilikuwa nalia mbele za watu, yule mama ananiuliza naumwa wapi.

Nilikitaka kile kiti, na bado nakitaka, sitakudanganya. Lakini kwa ile mota ya kwanza, niwe nimekaa pale mimi au Redio, yule mama leo angepitwa tena. Nimemwambia yule mama kwamba basi hili limetengenezwa na mwanangu. Akasema amshukuru vipi. Nikamwambia nitaandika.

Anashukuru. Na mimi pia nashukuru.

Mama yako